Maswali ya wasomaji: mjamzito na tumbaku isiyotaka kuachika

Nina ujauzito wa wiki 13. Nilikuwa navuta sigara 10 kwa siku, nimepunguza hadi 4, na hapo ndipo nimekwama. Nimejaribu kuacha kabisa mara tatu, na mara zote nimerudia siku ya tatu. Cha ajabu, hamu imekuwa kali kuliko nilipokuwa sina mimba. Mama mkwe anasema nikiacha ghafla mtoto atashtuka. Kliniki sijasema chochote, naogopa maneno ya manesi. Nifanyeje?
*Msomaji, Temeke*

Dada yetu, tuanze na hilo linalokushangaza, maana ndilo linaloeleza kwa nini umeshindwa mara tatu. Mwili wa mjamzito huivunja nikotini kwa kasi kubwa kuliko kawaida, kwa wastani asilimia 60 zaidi. Sigara iliyokuwa inakutuliza kwa muda mrefu sasa inaisha nguvu mapema, na arosto, yaani ule usumbufu na hamu kali ya kukosa nikotini, inakufikia kabla hujajiandaa. Kilichobadilika ni ini lako, ambalo ndilo huivunja nikotini. Nia yako ni ileile.

Hata siku ya tatu ina sababu yake. Arosto ya nikotini huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hupanda, na hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Kisha hushuka, na kati ya wiki mbili na nne inakuwa imelegea sana. Mara zote tatu umerudi nyuma ukiwa umeshamaliza sehemu ngumu kuliko zote.

Kuhusu mtoto kushtuka, mweleze mama mkwe kwa heshima zake zote kwamba mambo ni kinyume. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, ileile hewa isiyo na harufu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa hiyo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu ya mtoto aliye tumboni hubeba kiwango kikubwa kuliko cha mama yake. Wakati huohuo nikotini inabana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma. Ukiacha leo, kesho au keshokutwa kaboni monoksaidi inakuwa imekutoka. Hakuna mshtuko wowote hapo, mtoto anapata tu oksijeni aliyokuwa anakosa.

Kupunguza kulikusaidia kujua kwamba unaweza, lakini kusikudanganye. Mtu akipunguza idadi huvuta kwa nguvu zaidi, huushikilia moshi kifuani, na humaliza sigara hadi kwenye kichungi. Sigara zako 4 za leo zinakupa nikotini nyingi kuliko 4 za zamani. Zile zinazoitwa laini au laiti nazo ni hivyohivyo. Wapo pia wanaosema mtoto mdogo hurahisisha uchungu. Watoto wa wavutaji huzaliwa na uzito pungufu kwa wastani wa gramu 200 hivi, na upungufu huo unatokana na kukosa hewa na chakula. Hatari ya mimba kuharibika, kuzaa kabla ya wakati, kondo kunyofoka kabla ya kujifungua, na mtoto kufia tumboni huongezeka pia.

Wiki 13 ni habari njema. Utafiti uliofanywa katika miji ya Auckland na Adelaide kwa wanawake zaidi ya 2,500 wenye mimba ya kwanza, ukachapishwa 2009, uliwalinganisha walioacha kabla ya wiki ya 15, walioendelea, na wasiovuta kabisa. Walioacha walizaa njiti kwa kiwango kilekile cha wasiovuta, asilimia 4. Walioendelea walifika asilimia 10. Una wiki mbili. Na anayesoma hapa akiwa amepita wiki hiyo asijione amechelewa, kwa kuwa uzito mwingi mtoto huupata miezi mitatu ya mwisho.

Sasa kazi yenyewe. Kwa siku mbili, kabla ya kila sigara andika saa, uko wapi, umekula lini. Huenda ukaona kwamba kati ya zile 4, baadhi zina sababu ya kweli na nyingine ni mazoea tu. Kisha chagua siku ya kuacha ndani ya wiki hii, na uihesabu kwa kutazama siku ya tatu. Kama Jumapili una watu nyumbani wa kukushika mkono, acha Ijumaa. Usiache siku ambayo ya tatu yake inaangukia kwenye mnada, msiba au siku ya kodi ya nyumba. Usiku wa kuamkia siku hiyo toa kila kitu: pakiti, kiberiti, kisahani cha majivu, hata kile kipisi ulichoficha juu ya kabati. Kipisi hicho ndicho kinachowarudisha wengi.

Sigara ya asubuhi ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu usiku kucha nikotini imekwisha mwilini. Badilisha mpangilio: oga kabla ya chai, na chai uinywee mahali pengine. Hamu moja, hata iwe kali vipi, hudumu dakika 3 hadi 5. Tazama saa, kunywa maji taratibu, tembea hadi kwa jirani, tafuna kitu: muwa, karanga, embe bichi, ukwaju. Kula kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, maana njaa na arosto hufanana na wengi huvichanganya. Tafadhali usihamie kwenye udongo. Udongo unazuia chuma kuingia mwilini, na chuma ndicho unachokihitaji.

Kahawa nayo ipunguze kwa nusu siku hiyohiyo. Moshi wa sigara huharakisha mwili kuondoa kafeini, na mimba huchelewesha. Ukiacha sigara huku unakunywa vikombe vilevile, kafeini inajaa: mikono inatetemeka, moyo unakimbia, usingizi unapaa. Mtu hudhani ni arosto imezidi, akawasha sigara, kumbe ni kahawa.

Pesa ya sigara itie kwenye kibubu kila siku, mbele ya mtu mmoja unayemwamini, naye aongeze chochote ukitimiza wiki. Si mchezo wa kitoto. Glasgow, katika utafiti uliochapishwa 2015, wajawazito waliopewa vocha za manunuzi kwa kuacha waliacha kwa asilimia 22.5, dhidi ya 8.6 ya waliopewa huduma ya kawaida.

Kliniki, sema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka kila mjamzito aulizwe kuhusu tumbaku kila hudhurio, kwa hiyo si jambo geni wala la aibu. Tena iko sababu ambayo wengi hawaambiwi: sigara hupandisha kipimo cha wingi wa damu bila damu kuwa bora. Kwa mvutaji, kipimo kinatakiwa kishushwe gramu 0.3 kwa desilita au zaidi kulingana na idadi ya sigara. Ukipima 11.1 kadi itaonyesha uko salama, kumbe una upungufu. Omba faragha, sema kwa ufupi: "Navuta sigara, nataka kuacha, naomba iandikwe." Ukijibiwa vibaya, muulizie mhudumu mwingine. Usiikimbie kliniki.

Ukianguka na kuvuta moja, usirudishe pakiti nzima. Andika ilikuwa saa ngapi na kwa nini, uendelee na siku ileile. Ukijaribu kwa mpango huu ukashindwa tena, zungumza na daktari kuhusu viraka au bigijii za nikotini, vinavyopatikana kwenye maduka makubwa ya dawa mijini. Vina nikotini lakini havina moshi. Kwa mjamzito kiraka huvaliwa saa 16 na kuvuliwa wakati wa kulala. Bigijii haitafunwi kama ya kawaida: tafuna hadi ikuwashe kama pilipili, iegemeze kati ya shavu na ufizi, ikipoa tafuna tena, kwa dakika 30 hivi. Ukiitafuna mfululizo unameza nikotini, unapata kwikwi na kiungulia. Usinywe soda, juisi wala kahawa dakika 15 kabla, kwa kuwa uchachu wake huzuia nikotini kufyonzwa mdomoni. Kosa kubwa zaidi ni kuacha dawa mapema. Uingereza, katika jaribio la wanawake 1,050 lililochapishwa 2012, viraka havikuonyesha tofauti ya maana na viraka bandia visivyo na nikotini, na waliovitumia zaidi ya mwezi mmoja walikuwa asilimia 7 tu. Vidonge vya kusaidia kuacha sigara, vareniklini na bupropioni, havishauriwi kwa mjamzito. Sigara za kielektroniki nazo usizikimbilie kama dawa.

Mimi sivuti, naweka ugoro chini ya mdomo. Unanitulizia kiungulia na kichefuchefu. Mimba ina miezi mitano. Kwa kuwa hauna moshi, kuna ubaya gani?
*Mama wa wawili, Kajiado*

Mama, ugoro hauna kaboni monoksaidi, na uzuri wake unaishia hapo. Nikotini inayobana mishipa ya kondo ni ileile, na magadi yanayosagwa pamoja na tumbaku yanaigeuza iwe katika hali inayopenya upesi kwenye ngozi laini ya mdomo. Ndiyo maana kidogo tu kinakupiga kichwani. Tafiti za Uswidi na India kwa wajawazito wanaotumia tumbaku isiyo na moshi zimeonyesha hatari kubwa zaidi ya kuzaa njiti na ya mtoto kufia tumboni.

Nafuu ya kiungulia huenda unaipata kutokana na hayo magadi, kwa kuwa hupoza asidi. Nikotini, kwa upande wake, hulegeza mlango wa juu wa tumbo, asidi ikapanda tena baada ya muda mfupi. Unatibu ugonjwa unaoulisha. Badala yake kula kidogo mara nyingi, usilale kabla ya saa mbili au tatu baada ya chakula, inua upande wa kichwa wa kitanda, na kwa kichefuchefu jaribu chai ya tangawizi. Ukipewa dawa ya kiungulia kliniki, iache mbali na vidonge vya chuma kwa angalau saa mbili, la sivyo inavizuia kufanya kazi.

Kuacha, fuata mpango tulioueleza juu, na mdomo upe mbadala wake: kijiti cha mswaki hukaa mahali palepale pa ugoro na hushughulisha mkono pia. Kwa Kenya, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192.

Mume wangu huvuta chumbani dirisha likiwa wazi. Jioni shemeji zangu huvuta shisha sebuleni. Mimi sigusi. Mtoto anadhurika?
*Msomaji, Tanga*

Ndiyo. Dirisha halitoshi, moshi hubaki kwenye mapazia, godoro na nguo. Avutie nje, mbali na mlango, kisha anawe na abadilishe shati. Shisha ni mbaya zaidi kuliko watu wanavyodhani. Maji huupoza moshi tu, hayauchuji, na mkaa ulio juu hutoa kaboni monoksaidi hata kama kinachovutwa kinaitwa matunda matupu. Kikao cha saa moja kinaweza kumwingizia mvutaji moshi wa sigara 100 au zaidi. Ongea na mume wako mkiwa wawili, siyo mbele ya ndugu zake. Akiweza kuja nawe kliniki siku moja ayasikie kwa mhudumu, itakuwa nyepesi kwenu wote.

Tunalima tumbaku. Nikivuna asubuhi natapika na kizunguzungu kinanishika. Nina mimba ya miezi minne, wenzangu wanasema ni mimba.
*Msomaji, Urambo*

Inaweza kuwa mimba, inaweza kuwa malaria, hivyo pima kwanza. Lakini kama inakuja saa chache baada ya kuvuna au kufunga majani, na siku usiyoenda shambani huipati, basi ni sumu ya tumbaku mbichi. Nikotini huyeyuka kwenye umande na jasho, ikaingia kupitia ngozi. Huhitaji kuvuta chochote. Kwa hali yako tunasema wazi: achana na kuvuna na kufunga majani mabichi hadi ujifungue, na usikaribie kuchanganya dawa za wadudu. Kama siku moja hakuna wa kukusaidia, subiri umande ukauke, vaa mikono mirefu, glavu na plastiki kifuani, badilisha nguo mara zikilowa, na oga kwa sabuni ukitoka. Tumbaku iliyotoka kwenye mabani, yale majengo ya kukaushia majani, isihifadhiwe chumba mnacholala.

Niliacha sigara nikiwa na mimba ya miezi minne. Mtoto ana wiki tatu, nimerudia mbili kwa siku. Nimwachishe ziwa?
*Msomaji, Mwanza*

Hapana, endelea kunyonyesha. Maziwa yako yanamkinga hata sasa. Wengi hurudia baada ya kujifungua kwa sababu waliacha kwa ajili ya tumbo, na tumbo limekwisha. Usingizi wa vipande vipande nao huchangia. Anza mpango upya, safari hii ukiwa na nafuu moja: kasi ile ya mwili kuivunja nikotini hurudi kawaida baada ya kuzaa. Hadi utakapoacha, nyonyesha kwanza ndipo uvute, kamwe usivute kabla. Nikotini kwenye maziwa hupungua nusu kila baada ya saa moja na nusu hivi, kwa hiyo kadiri muda unavyopita ndivyo anavyopata kidogo. Vutia nje, nawa, badilisha nguo ya juu. Na usilale naye kitanda kimoja, wewe wala baba yake kama anavuta. Mtoto wa mvutaji yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla usingizini, na kulala pamoja huizidisha. Mlaze chali, karibu nawe, kwenye sehemu yake mwenyewe.