Kabla hujaita mashine ya kuchimba kisima Gilgil

Ukipangiwa miradi ya maji upande wa Gilgil, Elementaita au Mbaruk, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, ombi la kwanza utakaloletewa barazani ni kisima. Usikatae. Lakini usikubali pia mpaka umeuliza maji hayo ni ya kazi gani.

Miamba ya Bonde la Ufa ni ya volkano, na maji yaliyokaa humo miaka mingi hubeba floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi. Kikomo cha maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru huvuka hapo. Tazama meno ya watoto waliokulia kijijini. Madoa ya kahawia yatakudokezea kabla ya maabara, ingawa maabara ni lazima. Na usimshauri mtu achemshe. Kuchemsha huua vijidudu tu. Floraidi hubaki, tena huzidi makali kwa sababu maji yamepungua. Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe husaidia (Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi kubwa hapa), ila mkaa huo huchoka. Kama hakuna aliyepewa jukumu na pesa za kuubadilisha, msijisumbue kulinunua.

Ndiyo maana mimi huanza na mabati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 50, kwa mvua ya milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 30,000. Toa sehemu ya tano inayomwagika na kukauka, zinabaki 24,000. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku wanahitaji 36,500. Wageni wengi hufunga daftari hapo, wakasema mvua haitoshi.

Sasa tenganisha matumizi. Kunywa na kupika ni kama lita 5 kwa mtu, yaani 25 kwa nyumba hiyo. Kiangazi cha Desemba hadi Februari, siku 90, kinadai lita 2,250 tu. Tangi la lita 5,000 litawavusha siku 200, hata mvua ya Machi ikichelewa. Maji ya kisima yabaki ya kufua na kuoga. Hesabu hii haina ugumu; ugumu ni kukubaliana nyumbani kwamba maji ya tangi hayaoshi pikipiki. Mimi hupendekeza kufuli kwenye bomba, na sioni aibu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, maana imeosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Penye mradi wa mabomba tayari, usiwaze chanzo kipya kabla ya kusoma mita. Ripoti za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji zimeonyesha kwa miaka kwamba kampuni za maji nchini hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji zinayozalisha, kwa mivujo, wizi na mita mbovu. Mradi wa kijiji si malaika. Soma mita kuu saa nne usiku, usome tena alfajiri kabla ya watu kuamka. Kama vioski vimefungwa na matangi yamejaa lakini namba imesonga, fuata laini kwa miguu.

Kibali cha kuchimba hutoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na cha kutumia maji mengi vilevile. Chama cha watumiaji wa maji cha eneo lako ukijue mapema. Ndicho kinachojua nani anavuta maji mtoni usiku.

Utaambiwa pia, “Maziwa yamefurika, shida iko wapi?” Ni kweli, Nakuru na Naivasha yamepanda sana tangu 2010 na kuhamisha watu. Lakini Nakuru na Elementaita ni magadi matupu, hata ng'ombe hayafai. Nalo la Naivasha, lenye maji baridi, lilishuka vibaya katika ukame wa 2009, na mgao wake una viwango: ziwa likishuka, wenye vibali hupunguza. Ukienda kuomba maji huko, nenda na takwimu za kiangazi, si za mwaka wa mafuriko.