Zile noti za kwenye picha si zangu

Shangazi shikamoo. Binamu zangu, hamjambo. Nimeuona ujumbe wa kamati ya harusi. Mmeniandikia ahadi ya milioni moja, na sababu mmeitaja bila haya: kwenye picha ya mgahawani noti zimetapakaa hadi chini ya kiti changu. "Mwenzetu anakanyaga hela." Basi leo nasema, maana nikinyamaza mwezi ujao mtaniandikia mbili.

Pale ni kwenye mgahawa wa Wanaijeria, Peckham, kusini mwa London. Wanaijeria wamejaa mitaa ile mpaka watu wanapaita Lagos Ndogo. Meza ya pili kulikuwa na mama anasherehekea miaka sitini, na wenzetu wale mwenye shughuli wanamrushia noti, kama nyie mnavyotunza kwenye taarabu, ila zao zinamwagwa hadi sakafuni na kuna mtoto kazi yake ni kuzizoa. Zilikuwa dola moja moja. Kwao wameanza kuogopa: sheria ya Benki Kuu yao ya 2007 inakataza kurusha naira, hela yao, na Aprili 2024 Bobrisky, yule maarufu wa mitandaoni, alihukumiwa miezi sita jela kwa kosa hilo. London dola haina mwenyewe, wanarusha tu. Mimi nilikuwa nakula zangu, picha ikanikuta.

Na hata hicho chakula sikulipa mimi. Alilipa dada wa Kinaijeria ninayefanya naye kazi. Aliniagizia egusi, mbegu jamii ya tikiti zilizosagwa, zikapikwa kwa mawese, nyama na majani, unamegea viazi vikuu vya kutwanga. Sisi wa Ujiji mawese tunayajua. Bakuli lilipofika na yale mafuta mekundu yametanda juu, nilinyamaza kidogo. Mhudumu akaniletea uma, nikamwambia rudisha. Pilipili mbuzi hawana kipimo nayo, nilikula huku natokwa machozi, na si yote yalikuwa ya pilipili.

Sahani ile ni pauni 17. Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, kabla ya kukatwa kodi. Kazi yangu mnaijua kwa jina tu, "muuguzi". Si muuguzi. Naenda majumbani kwa wazee, nawaogesha, nawabadilisha nepi. Muda wa kukaa kwenye basi kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine wakala wangu halipi. Kuna bibi kila asubuhi ananiuliza kama nimenawa mikono vizuri, na anayekwenda kuogeshwa ni yeye! Kwa hiyo nikishika menyu nazidisha kwa elfu tatu na ushei, napata zaidi ya elfu hamsini, naifunga. Nyie msizidishe, mtaumwa kichwa bure. Mimi siwezi kuacha.

Binamu uliyeniuliza njia ya kuja: usije. Mlango niliopitia mimi umefungwa, tangu Julai 22, 2025 waajiri hawaruhusiwi kuleta wahudumu wapya wa wazee kutoka nje. Anayekuambia ana kibali cha kukuuzia ni tapeli, hata kama mnaswali safu moja. Usiuze kiwanja. Usikope. Lakini ukipata chuo chenye ufadhili, njoo, tena usichelewe, nitakupokea, godoro lipo. Kukulisha sitakulisha. Haya, mwezi wa kwanza nitakulisha.

Shangazi, usione nakataa. Mshahara ukiingia, ya mama inatoka kabla ya kodi ya chumba, na kuna miezi imeniuma, nikailaumu nafsi yangu kwa kuumia. Ninachokataa ni kupangiwa kiasi na watu waliosoma picha. Dawa za mama niambieni hata usiku wa manane. Kitambaa cha sare ya kamati msiniambie.

Kwenye ile milioni futeni sifuri moja. Laki nitaituma siku ya mshahara, na itaingia kwenye simu yako wewe Shangazi, si ya mweka hazina.