Kasida anazo kichwani, herufi hazimkai

SWALI: Assalaam aleikum, Bi. Mwalimu. Mwanangu ana miaka 10, yuko gredi ya nne hapa Lamu. Kasida akiisikia mara mbili ameishika, na dukani kwa babake hakosei chenji hata shilingi. Lakini mpe kitabu umuone jasho linavyomtoka. "Kata" huisoma "taka". Chuoni pia, maalimu amegundua kwamba sura zote alizokuwa "akisoma" amezihifadhi kwa kuwasikiza wenziwe; hata ukurasa hageuzi panapostahili. Sasa mwalimu wake wa skuli aniambia nimtoe nimpeleke skuli maalum Mombasa. Mamamkwe asema ni kumchanganyia herufi za Kiarabu na za kizungu. Jirani asema kuna mkono wa mtu. Nifanyeje?
— Mama wa Langoni

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Usimtoe. Mtoto anayepiga hesabu za duka kichwani akili anayo, na kumlaza bweni mbali na mamake hakutamfundisha kusoma.

Unayonieleza yafanana sana na disleksia: ubongo hupata taabu kuunganisha sauti na herufi yake, hata mtoto awe mwerevu vipi. Huenda na ukoo, kwa hivyo muulize babake, taratibu, yeye alisomaje. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za Percy, kijana wa miaka 14 aliyeandika jina lake "Precy". Mwalimu wake alisema lau masomo yangekuwa ya mdomo matupu, Percy angewapita wote skulini.

Mimi Percy wangu nilimpata miaka ya 1980, nikampiga rula vidoleni kila alipokwama. Sikujua. Leo ni fundi wa milango. Nakshi huichonga bila kuchora kwanza. Akinitumia ujumbe wa simu ni wa sauti, hajaniandikia hata neno moja, nami sijathubutu kumuuliza. Na ikiwa mwanao anapigwa kwa kushindwa kusoma, nenda ukaseme: viboko vilipigwa marufuku skulini tangu 2001, na sheria ya elimu ya 2013 ikakaza zaidi.

Mamamkwe mjibu kwa adabu kwamba watoto wa Lamu wamelelewa na juzuu na vitabu vya skuli, na wengi wamesoma vyote viwili. Kwamba wako anakwama pote pawili ndiyo dalili kwamba shida si herufi za upande mmoja. Ama jirani, akikwambia umnyweshe kombe, zile aya zinazoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji ya kunywa, sina neno nalo, hata mimi nililinyweshwa. Ila hizo ni herufi za kunywa. Zake zinataka kusomwa.

Anza hospitali, apimwe macho na masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri naye huchanganya sauti. Kisha uliza ofisi ya elimu kilipo kituo cha tathmini, kile wanachokiita EARC. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984 na kazi yao ni hiyo, kumpima mtoto na kuiambia skuli asaidiwe vipi. Ile karatasi ya matokeo ihifadhi kama hati ya nyumba. Mkuu wa skuli ataihitaji kumwombea muda wa ziada kwenye mitihani ya taifa, na ombi hilo hupelekwa mapema, si wiki ya mtihani.

Kwa mwalimu wa darasa nenda jioni vipindi vikiisha, bila hamaki; huenda hajafundishwa haya, kama nisivyofundishwa mimi. Mwombe asimsimamishe kusoma mbele ya wenziwe bila kumpa nafasi ya kujiandaa, na maswali ya sayansi amuulize kwa mdomo. Akishikilia ahame, mkumbushe vifungu vya 53 na 54 vya Katiba, vya haki za watoto na za watu wenye ulemavu. Lakini hilo liwe la mwisho, kwa sababu mtoto atabaki na mwalimu huyohuyo mwaka mzima.

Nyumbani, robo saa kwa siku yatosha. Anza na Kiswahili, ambacho herufi zake hazibadiliki sauti ovyo kama za Kiingereza. Kiingereza kitamsumbua zaidi na kwa muda mrefu zaidi, usishtuke. Maji yakitoka, mpeleke ufuoni aandike silabi mchangani kwa kidole huku akizitamka kwa sauti: ka, ta, kata, taka. Mkono, jicho na sikio vifanye kazi pamoja. Akikosea afute kwa unyayo, hakuna wino mwekundu pale.

Kasida aendelee nazo. Chagua ubeti mmoja anaoujua, uuandike kwa herufi kubwa, afuatishe kwa kidole anapoimba. Mwanzo atakudanganya, kidole kitakuwa huku na mdomo kule. Mwambie aimbe polepole. Niandikie baada ya Maulidi, uniambie kidole kimefika wapi.