Dogo, usiandike hiyo sura kabla hujapima kasi

Funga hiyo faili kwanza. Unasema DFT (hesabu za molekuli kwa kompyuta) imekupa hali ya mpito, yaani umbo la kilele cha nishati njiani, ya mmenyuko wako wa Morita–Baylis–Hillman, ule wa kuunganisha aldehaidi na alkeni: molekuli moja ya methanoli inapokea protoni huku na kuitoa kule, na sasa unauliza ununue laptop yenye RAM kiasi gani na kama unaweza kuandika sura ya 4 bila kurudi maabara. Mimi nimepita hapo hapo. Kichocheo DABCO hicho hicho, methanoli hiyo hiyo. Miezi 8 ya maisha yangu.

Picha yangu ya hali ya mpito ilipendeza mpaka nikaiweka kwenye skrini ya simu (ndiyo, cheka). Msimamizi akaangalia: "Kizuizi cha nishati kilokalori 21 kwa moli, safi sana, andika." Hakuuliza hiyo 21 imetoka wapi. Ilitoka kwenye mbinu ya tatu ya hesabu niliyojaribu! Ya kwanza ilinipa 28. Na kwenye joto la chumba, kila tofauti ya kilokalori 1.4 ni kasi mara 10, kwa hiyo nilikuwa nachezea mara laki moja na ushee. Nilichagua namba kama mtu anayebonyeza maembe sokoni.

Siku ya utetezi mtahini wa nje akauliza swali moja tu: "Kasi ulipima?" Kimya. Akanitajia kazi ya Plata na Singleton, wanakemia wa chuo kikuu cha Texas A&M, ya 2015. Hao walizikamata molekuli za katikati ya safari, wakapima kasi, wakatumia isotopu, wakakuta protoni inahama kwa asidi na besi za kawaida kabisa. Ile methanoli ya kupokezana, hamna. Kazi ilitoka kabla hata sijajisajili, na msimamizi wangu ndiye aliyejiita mtaalamu wa mmenyuko huo. Shukrani zake kwenye tasnifu ataendelea kuzisubiri.

Kinachouma ni kwamba marekebisho yalikula wiki 2 tu. Mirija ya NMR (mashine inayoonyesha kila molekuli kwa vilele vyake), CD3OD (methanoli yenye hidrojeni nzito), nabadilisha ukolezi wa kitu kimoja kimoja huku vingine vimetulia, nasubiri vilele vya aldehaidi vishuke. Basi.

Mlinganyo wa kasi (kasi inategemeaje ukolezi wa kila kitu) kwanza, kompyuta baadaye. Kasi ikikuambia aldehaidi mbili zinahusika na modeli yako ina moja, tupa modeli, hata kama ni nzuri kuliko bibi harusi.

Oda ya aldehaidi yako, yaani kipeo cha ukolezi wake kwenye mlinganyo huo, ni ngapi? Weka grafu hapa leo.