Mtaro wa bomba na mkarafuu wa babu

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mama mkaazi wa Wete, Pemba. Tunachimba mtaro wa bomba la maji kwenda kwenye nyumba anayoijenga mwanangu, na njia fupi inapita kiasi cha mita 3 kutoka shina la mkarafuu alioupanda babu yangu, ambao hadi leo unazaa. Jana jembe lilikata mizizi 2 yenye unene wa kidole gumba, nikawasimamisha vijana. Je, tumeuua mti? Tuendelee au tufukie?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mama yetu. Mkarafuu mzima wenye afya haufi kwa mizizi 2 ya unene huo, lakini ulifanya vyema kuwasimamisha vijana. Wengi hudhani kwamba uhai wa mti umo katika mzizi mkuu unaoshuka chini, na kwa hivyo anayechimba kina kifupi huona hana la kuhofia, ilhali sehemu kubwa ya mizizi ya mkarafuu inayonyonya maji na chakula ni ile myembamba iliyolala karibu na uso wa ardhi, nayo hutambaa hata kupita mwisho wa kivuli cha matawi. Hata magugu ya chini yake ni bora yafyekwe kuliko kulimwa.

Pima upana wa shina kwenye usawa wa kifua, kisha uzidishe mara 12: shina la sentimita 40 linataka mtaro ukae karibu mita 5 mbali nalo. Ushauri wangu ni kuuzungusha mtaro, kwani mita chache za paipu ni gharama ndogo mbele ya mti ambao, ukipandwa mwingine leo, utasubiriwa miaka 6 au zaidi kabla ya kutoa karafuu za mwanzo.

Ikiwa hapana njia nyengine, basi karibu na mti jembe liwekwe kando, udongo utolewe kwa muo na mikono, na bomba lipitishwe chini ya mizizi. Mzizi unaozidi sentimita 5 usikatwe kabisa, hasa ukiwa upande wa kusini, kwa sababu hiyo ndiyo mizizi inayouzuia mti usiangushwe na upepo wa kusi. Ile 2 iliyochanwa na jembe ikatwe tena kwa msumeno mkali hadi penye uzima, bila kupakwa rangi wala lami (desturi hiyo haina faida yoyote). Mizizi iliyo wazi ifunikwe kwa gunia bichi, na mtaro ufukiwe siku ile ile kwa udongo wake, pasi na kuurundika kwenye shina.

Umwagilie maji wakati wa jua kali mpaka mvua za masika zishike. Matawi machache ya upande wa mtaro yakipukutisha majani, usiwe na wasiwasi mkubwa. Bali mti wote ukigeuka manjano na kunyauka kwa muda mfupi, mwite bwana shamba, kwani huenda ni maradhi yasiyohusiana na jembe lenu.