Maswali ya Wasomaji: Mashujaa Wanaoogopwa na Wale Wanaowaokoa

Katika toleo lililopita tuliwapendekezea wasomaji filamu ya X-Men ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Bryan Singer, na tukadai kwamba bado inazishinda nyingi zilizokuja baada yake. Barua zilizotufikia ni nyingi, na waandishi wake hawakubaliani. Tumechagua tano.

*Ndugu Mhariri, nimeitazama filamu mliyoisifu na kuna jambo moja ambalo sikulielewa. Mashujaa wengine wa Marekani wakipaa angani watu huwashangilia. Hawa wakifanya yaleyale, watu wanawakimbia na bunge linawatungia sheria. Nguvu zao zina tofauti gani na za wenzao? – Mwanafunzi, Morogoro*

Tofauti haimo katika nguvu zenyewe, bali katika namna zilivyopatikana. Shujaa wa kawaida hupata uwezo wake kwa ajali, kwa utajiri, kwa majaribio ya kisayansi au kwa kutoka sayari nyingine. Hawa walizaliwa nao, kutokana na mabadiliko katika jeni, na ndiyo maana wanaitwa mutanti. Stan Lee, aliyewabuni pamoja na mchoraji Jack Kirby katika jarida la katuni lililoanza mwaka 1963, alieleza baadaye kwamba alichoka kutafuta ajali mpya kila alipohitaji shujaa mpya, akaona aseme tu kwamba wamezaliwa hivyo na mambo yaishe. Uvivu huo mdogo ulizaa hadithi kubwa kuliko alivyokusudia, kwa sababu aliyezaliwa hivyo anaweza kuwa mtoto wa nyumba yoyote, na uwezo wake hujitokeza anapobalehe, wakati ambapo wazazi wamekwisha kuamini kwamba wanamjua.

Rudia kuitazama sehemu ya mapema inayotokea Meridian, katika jimbo la Mississippi. Binti anayeitwa Marie yuko chumbani na mvulana, mbele ya ramani ya safari ambayo anatamani kuifanya kabla ya kuanza chuo. Wanabusiana, mishipa ya uso wa mvulana inatutumka, pumzi inamwishia, anaanguka. Wazazi wanapoingia mbio, binti huyo anapiga kelele asiguswe na mtu. Tunapomwona tena yuko Kanada kwenye baridi kali, peke yake, amevaa koti lenye kofia na glavu, na sasa anajiita Rogue. Filamu haituonyeshi kama alifukuzwa au alitoroka, wala haituonyeshi akiaga, na kwa maoni yangu hakuna kilichokatwa kwa busara zaidi katika filamu nzima. Anna Paquin, anayemwigiza, alikwisha kupata tuzo ya Oscar akiwa na umri wa miaka 11, na hapa unaona sababu: anaweza kukunja mikono ndani ya mikono ya koti ukajua kwamba anajiogopa mwenyewe.

Ukiifuatilia filamu kwa jicho hilo utaona kwamba karibu kila mhusika anaugua kipaji chake. Cyclops hathubutu kufumbua macho bila miwani yake maalumu, maana ataangamiza chochote kilicho mbele yake. Wakiwa garini, Rogue anamwuliza Wolverine kama makucha yake ya chuma yanamwuma yanapochomoza kwenye ngozi, naye anajibu kwamba yanauma kila mara. Hayo ni maneno machache tu, tena Hugh Jackman anayatamka bila kumtazama, lakini baada ya hapo kila pambano analoingia linakuwa na uzito mwingine.

*Mhariri, salaam. Mimi ni wakili, na ninaona mmemwonea Seneta Kelly, yule anayetaka sheria ya kuwasajili mutanti. Serikali husajili bunduki na hutoa leseni za udereva. Kama kuna watu wanaoweza kuua kwa kugusa, kuna ubaya gani wakiandikishwa? – Wakili, Nairobi*

Wakili msomi, hoja yako ndiyo hoja ya seneta mwenyewe, na filamu inaipa nafasi ya heshima. Mbele ya kamati, Daktari Jean Grey anasema kwamba hata mtu asiyefaa akishika usukani ni hatari. Kelly anamjibu papo hapo kwamba ndiyo maana madereva hupewa leseni. Naye daktari anasema ni kweli, lakini hakuna apewaye leseni ya kuishi. Hapo ndipo sheria yenu inapogawanyika. Bunduki hununuliwa, na anayeichoka huirudisha. Mtu hawezi kwenda kituo cha polisi kuikabidhi ngozi yake. Sheria ya Kelly haimwulizi mtu alichotenda, inamwuliza alivyozaliwa, na mfano wake wa kutisha ni binti wa Illinois anayeweza kupita ukutani: seneta hasemi kwamba binti huyo ameiba benki, anauliza tu nini kitamzuia.

Kisha Kelly anainua karatasi yenye majina. Kwa Mmarekani, ishara hiyo inamkumbusha Seneta Joseph McCarthy, ambaye mwaka 1950 alisimama huko Wheeling, West Virginia, akadai ana orodha ya wakomunisti walio serikalini. Msomaji wa Maziwa Makuu hana haja ya kwenda mbali hivyo. Vitambulisho vya Rwanda vilianza kuandikwa kabila katika miaka ya 1930 chini ya Wabelgiji, na aliyevianzisha hakuwa amepanga mauaji. Hata hivyo, mwaka 1994 ndivyo vilivyokaguliwa vizuizini. Orodha hudumu kuliko nia ya aliyeiandika.

Hayo ndiyo anayoyajua Magneto, adui mkuu wa filamu na mutanti anayepinda chuma, anayeigizwa na Ian McKellen, ambaye siku hiyo amekaa kwenye roshani akisikiliza. Filamu ilikwisha kutuonyesha utoto wake: Poland mwaka 1944, mvua, matope, watu wenye nyota ya njano kifuani, na mvulana anayetenganishwa na wazazi wake hadi lango la chuma linapopinda kwa kilio chake. Katika katuni za mwanzo alikuwa mwovu tu asiye na historia. Aliyempa kumbukumbu za Auschwitz ni mwandishi Chris Claremont, mwaka 1981, na bila nyongeza hiyo nadhani filamu isingekuwa na cha kusema. Baadaye Magneto, akiitazama Sanamu ya Uhuru, anamwambia Rogue kwamba aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1949. Maana yake ni kwamba alikuwa mhamiaji. Viongozi wa dunia anaotaka kuwageuza kuwa mutanti kwa mashine yake wamekusanyika Ellis Island, mahali walipopitia wahamiaji zaidi ya milioni 12 kati ya mwaka 1892 na 1954, wote wakiwa wameandikwa majina. Huyu bwana amezijua orodha za aina mbili, ya kumpokea mtu na ya kumwangamiza, na ya Kelly anaitambua ni ipi kabla ya mtu mwingine yeyote ukumbini.

Usidhani kwa hayo kwamba ninamtetea. Mashine yake humwua anayeiendesha, kwa hiyo anamteka Rogue na kumfunga humo ili afe badala yake. Na Kelly, aliyejaribiwa kwanza, mwili wake unayeyuka na kuwa maji. Mtoto aliyenyang'anywa wazazi wake, uzeeni anamtoa kafara binti wa watu.

Jambo moja ninakukubalia, wakili. Mfano wa filamu unavuja. Wayahudi wa Ulaya hawakuwa na uwezo wa kupinda chuma, na hofu iliyowaandama ilikuwa ya uongo mtupu, ilhali jirani wa Rogue ana sababu ya kweli ya kuogopa. Waandishi wa hadithi hizi wameishi na ufa huo kwa zaidi ya miaka 60 bila kuuziba.

*Mhariri wangu, hujambo? Mwanangu ananibishia kila siku kwamba Storm ni Mkenya. Mimi nimetazama filamu nzima sikusikia Kenya ikitajwa. Nani kati yetu ana haki? – Mama wa watoto watatu, Mombasa*

Sijambo, mama. Mwanao ana haki kwa upande wa katuni, nawe una haki kwa upande wa filamu. Storm, mutanti anayeitawala hali ya hewa, alibuniwa mwaka 1975 na mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, wakati jarida hilo, lililokuwa limekaa miaka kadhaa likichapisha upya hadithi za zamani, lilipofufuliwa kwa kundi jipya la mutanti wa mataifa mbalimbali. Jina lake ni Ororo. Mama yake ni binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya na baba yake ni mpiga picha Mmarekani. Alizaliwa New York akapelekwa Cairo, na huko wazazi wake wakafa katika vita vya Suez ndege ilipoiangukia nyumba yao. Alifukiwa kifusini karibu na maiti ya mama yake, na tangu hapo hawezi kuvumilia mahali palipobana. Aliishi kwa kuchomoa watu mifukoni mitaani, kisha akatembea kuelekea kusini hadi nchi ya mama yake, ambako Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, anamkuta akiwanyeshea wanakijiji mvua nao wakimwabudu.

Ni historia tajiri kuliko ya Wolverine, nami sijui kwa nini sinema imeitupa. Sisemi kwamba Kenya hiyo ya katuni inatutendea haki. Mwaka 1975 Nairobi ilikuwa na jengo la KICC na makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilhali wachoraji waliona nyasi, ngoma na watu waliopiga magoti tu. Lakini mtoto aliyefukiwa kifusini, ambaye akikua anaitawala anga nzima na bado anaogopa lifti, ni mhusika ambaye mwongozaji mwenye akili angemjengea filamu yake peke yake. Badala yake Halle Berry alipewa mistari michache, mmojawapo ukiwa ule wa kuuliza nini humpata chura akipigwa na radi, ambao watazamaji wanaucheka hadi leo, na lafudhi yake ya mwaka 2000 ikatoweka katika filamu iliyofuata. Filamu ya mwaka 2016 ilimrudisha Cairo akiwa kijana, akaigizwa na Alexandra Shipp, kisha ikamsahau tena. Mkenya aliyepata nafasi ya maana katika sinema za mashujaa wa Marvel ni Lupita Nyong'o, mwaka 2018, na hakuwa Storm.

*Ndugu Mhariri, ninaishi na ualbino. Katika filamu ya tatu serikali inatangaza dawa ya kuwaponya mutanti. Storm anasema hakuna cha kuponya, lakini Rogue anakwenda kudungwa sindano. Nilikasirika, kisha nikamwelewa, kisha nikakasirika tena. Nyinyi mnasemaje? – Msomaji, Mwanza*

Ndugu yangu, hasira zako mbili zote zina haki yake. Filamu hiyo, The Last Stand ya mwaka 2006, iliongozwa na Brett Ratner, nayo ilishika swali zuri kuliko yote na kulipoteza kabla ya nusu saa ya mwisho. Storm anaweza kusema hakuna cha kuponya kwa kuwa kipaji chake kinampa mvua na heshima. Rogue kipaji chake kinamnyima mkono wa kushika. Mtu wa kwanza hana haki ya kumwamulia wa pili, wala wa pili hamsaliti mtu anapoamua juu ya mwili wake. Watengenezaji wenyewe walisitasita: walipiga picha tukio ambamo Rogue anarudi bila kudungwa, kisha wakaliacha nje ya filamu. Baadaye dawa inafanywa risasi, askari wanawafyatulia mutanti sindano, na swali lako linazama katika vumbi la vita.

Filamu ya pili, ya mwaka 2003, ilikuwa imeligusa jambo hilo kwa adabu zaidi. Bobby, kijana anayegandisha vitu, anawaeleza wazazi wake sebuleni. Anagusa kikombe cha mama yake, chai inakuwa barafu, na paka anakuja kuilamba. Mama yake anamwuliza kwa upole kabisa kama amewahi kujaribu kutokuwa mutanti. Mdogo wake anapanda ghorofani kuwaita polisi.

Kuna tofauti moja ambayo nadhani wewe unaijua kuliko mwongozaji yeyote wa Hollywood. Mutanti huogopwa kwa nguvu walizo nazo. Watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa waliwindwa kwa nguvu ambazo wengine walizibuni na kuziweka katika miili yao, na walichokuwa wakikihitaji ni ulinzi, mafuta ya kuzuia miale ya jua na miwani, si kuponywa. Hadithi hiyo hakuna filamu ya X-Men iliyoisimulia, na ingemlazimu mwandishi kuanza upya kabisa, kwa kuwa humo hatari yote iko upande wa wawindaji.

*Mhariri, mwanangu ana miaka kumi. Aanze na ipi, na ipi nimzuie? – Baba, Muscat*

Marekani filamu ya kwanza iliwekwa kundi la PG-13 na Uingereza kundi la miaka 12, kwa hiyo ukimruhusu, kaa naye, hasa katika tukio la kambi mwanzoni na lile la Seneta Kelly kuyeyuka, ambalo linawatisha hata wakubwa. Aendelee na ya mwaka 2003, kisha First Class ya 2011, inayotokea mwaka 1962 wakati wa mgogoro wa makombora ya Cuba na ambayo itampa maswali ya kumwuliza mwalimu wa historia. Ile ya mwaka 2006 anaweza kuiruka. Logan ya mwaka 2017 ni bora kuliko zote kwa uigizaji, lakini ina damu nyingi na matusi mengi, na huko Marekani aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia ukumbini bila mzazi au mlezi. Hiyo itazame wewe, bwana, mtoto akishalala.