Anko wa Lami: Siku nne, Noah moja na mama mkwe

SWALI: Anko shikamoo. Mi nakaa Buhongwa hapa hapa Mwanza mwaka wa kumi na moja sasa, na sijawahi kutembea zaidi ya Igoma na stendi ya Nyegezi. Watoto watatu, shule zinafungwa mwezi wa sita, nina Noah (ya shemeji ila atatupa) na siku nne. Mke wangu anataka Serengeti, mi nataka Butiama, halafu mama mkwe yuko Shinyanga kasikia na yeye kasema anakuja. Nimepanga hivi: siku ya kwanza Serengeti, ya pili Butiama na Musoma, ya tatu Ukerewe, ya nne Bujora na Saanane tunamaliza. Itawezekana kweli? – Baba Watatu, Buhongwa

JIBU: Marahaba baba. Itawezekana, ila watoto watakumbuka viti vya Noah tu. Ratiba yako ni ya dereva wa basi, mi nimeendesha njia hiyo miaka mingi naijua, unafika kila mahali na huoni kitu.

Kwanza Bujora umeiweka mwisho wakati iko Kisesa, kilomita kama 20 tu kutoka mjini na ni barabara hiyo hiyo ya Musoma, yaani utaipita asubuhi ukiwa na haraka halafu uje uitafute siku ya nne watu wamechoka na hela imeisha. Anza nayo. Ni makumbusho ya Wasukuma, aliianzisha padre Mkanada, David Clement, miaka ya 1950, na kanisa lake ni la duara kama nyumba ya Kisukuma, watoto watauliza mbona halina kona. Waonyeshe ngoma za machifu, halafu mwachie mama mkwe nafasi aongee, maana pale kila kifaa kwake kina hadithi, mi nilimpeleka mama yangu mdogo mwenyeji wa Magu tukakaa mbele ya kinu saa nzima akigombana na mwongozaji kuhusu jina lake.

Na kwa sababu unaenda mwezi wa sita, ulizia mapema tarehe za Bulabo. Hii ni sikukuu ya ngoma inayofuata ile Sikukuu ya Ekaristi ya Wakatoliki, wanacheza Bagika na Bagalu, vyama viwili vyenye ushindani wa tangu enzi za mababu. Uzuri wake ni kwamba wanacheza kwa wakati mmoja, huku na huku, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi, kwa hiyo wewe mtazamaji ukihama tu umeshapiga kura. Utaona bugobogobo, ngoma ya wakulima, majembe yanarushwa juu yanadakwa, utaona na wale wa nyoka wenye chatu shingoni. Mtoto mdogo mshike mkono, sio kwa sababu ya chatu, ni kwa sababu ya umati.

Siku hiyo msikimbilie mbali, laleni Lamadi au Bunda, gesti zipo za kila bei. Asubuhi ya pili muwe getini Ndabaka mapema, na hapa ndo watu wa Mwanza wananishangaza, mtu anaamini Serengeti ni lazima uende Arusha kwanza wakati geti liko pembeni ya lami hapa hapa baada ya Lamadi! Ukiingia hapo uko ule ukanda wa magharibi wa mto Grumeti, na nyumbu kwa kawaida wanapita upande huo kuanzia kama mwezi wa tano mpaka wa saba, kwa hiyo tarehe zako umezipata kwa bahati tu. Mamba wa Grumeti nao wanawasubiri, wakubwa hasa. Beba vitambulisho vya wote wakubwa, bei ya Mtanzania ni tofauti kabisa na ya mgeni, na malipo ni kwa control namba sio keshi mkononi.

Kuhusu Noah: kiangazi, kwenye barabara kuu ya hifadhi, inakwenda, ila waulize askari wa getini hali ikoje siku hiyo na wakisema hapana ukubali. Udongo wa kule ni ule mweusi wa mbuga, ukikauka ni tofali, ukilowa ni gundi. Mwaka fulani nilijitia ujuzi nikachepuka na gari dogo la kaka yangu jirani na Lamadi, wala sio hifadhini, mvua ilikuwa imenyesha usiku tu. Gari ilizama mpaka milango ikagoma kufunguka. Akaja kijana na maksai wanne waliokuwa wanatoka kulima, akafunga mnyororo, akawapigia mluzi, gari ikatoka kama jino. Nikauliza bei, akaniangalia viatu, akasema elfu thelathini. Nina uhakika ningekuwa na kandambili ingekuwa kumi.

Siku ya tatu Butiama. Ukitoka Bunda ukifika Makutano unaiacha barabara ya Musoma unashika ya Butiama. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa 1999, mwaka huo huo aliofariki, na pale Mwitongo ndipo alipozikwa. Watu wanategemea ikulu, wanakuta mawe, miti, na pimbi wamelala juani juu ya mawe. Kaburi la baba yake, Chifu Nyerere Burito, liko hapo hapo. Msipite fasta kama mnakagua, kaeni kivulini kidogo, mwambie mkubwa wako kwamba mzee huyu alikuwa anapenda bao.

Ya nne mnarudi. Ukerewe ifute, nakuomba, kisiwa kile kinataka siku zake mbili peke yake. Na Saanane unaishi nayo jirani, boti inatokea Capri Point dakika chache tu, hiyo ni ya Jumapili yoyote mchana. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, wanangu wanaipenda kwa sababu ya ile mijusi ya kwenye mawe, dume kichwa hadi kifuani waridi iliyoiva na mkia bluu, anapiga pushapu ukimsogelea.

Ah, mama mkwe. Asikae mbele pembeni yako, wewe mkwe unajua. Mke wako mbele, bibi katikati dirishani, na usimfungie dirisha. Kwenye vijiji ni 50, tochi zipo nyingi kuanzia Magu, na faini mbele ya mama mkwe ni aibu ya mwaka mzima.

SWALI: Anko mambo. Ukerewe na gari yangu ndogo, nipite wapi? Naogopa maji. – Neema, Nyakato

JIBU: Poa dada. Kama unaogopa maji marefu usipande meli ya kutoka mjini mpaka Nansio, nenda kwa barabara mpaka Bunda, kata kushoto kuelekea Kisorya, pale unavuka na kivuko kwenda Rugezi, ni pafupi. Vaa jaketi la kuokolea hata kama wenzako wanacheka. Ukifika panda kilima cha Handebezyo uone ziwa kotekote. Kama unapenda kusoma pita Kagunguli, alikoishi Aniceti Kitereza, yule aliyeandika riwaya kwa Kikerewe akaimaliza 1945 halafu akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikaja kuchapwa uzeeni kwake. Usiogelee ufukweni penye majani, kichocho kipo.

SWALI: Mkuu, daraja limefunguliwa, upande wa pili kuna nini cha kuona au ni dhahabu tu? – Mtu wa Sengerema

JIBU: We ni wa Sengerema unaniuliza mimi! Haya. Daraja lenyewe la Kigongo–Busisi ni la kuona, kama kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025 na ile foleni ya kivuko tuliyozeekea imebaki stori. Mbele kabisa ni Rubondo, kisiwa cha hifadhi, unapita Geita, unaacha gari unapanda boti. Kuna nzohe, yule swala wa kwenye matete, na kuna sokwe ambao mababu zao waliletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka kwenye bustani na sarakasi za Ulaya wakaachiwa msituni, wakajifunza wenyewe kula na kujenga viota. Sio safari ya bei rahisi, changieni watu wanne watano.

SWALI: Anko, zawadi gani nirudi nayo Dar kutoka Mwanza? Kila mtu anasema sangara. – Bi Asha, Temeke

JIBU: Sangara atavuja kwenye basi na utachukiwa mpaka Morogoro. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi uchukue dagaa wakavu, vunja mmoja mkononi, akikatika kwa mlio ni mzuri, akipinda mwache. Na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kilo mbili.